Kompyuta ya Wauza Chai na Namba ya Mkulima

Siku nyingi sijaandika. Mvua ikianza hapa Sosiot, stima nayo huanza mambo yake. Leo tuweke kando seva na programu, tuongee historia kidogo: ya chai na ya kompyuta. Ndiyo, hizo mbili zina undugu.

Ukimwuliza mtu ni kampuni gani ilitangulia kuipa kompyuta kazi za kila siku za biashara, huenda akakutajia IBM. Kumbe ni J. Lyons & Co. ya London, wauza chai na keki! Mwaka 1947 maofisa wake wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, walikwenda Marekani kuchunguza mbinu za ofisi, wakavutiwa na mashine za kielektroniki za kukokotoa. Lyons ikatoa pauni 3,000 kusaidia kompyuta ya EDSAC pale Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha ikajijengea yake, ikaiita LEO. Ilikuwa na vali karibu 6,000, na kumbukumbu yake ilikuwa mirija iliyojaa zebaki. Novemba 1951 ilianza kazi ya kawaida: kupiga hesabu ya thamani ya mikate na keki.

Mwaka uliofuata aliingia msichana aitwaye Mary Blood, ambaye baadaye alijulikana kama Mary Coombs. Shahada yake ilikuwa ya Kifaransa, wala si ya hisabati. Lyons ilikuwa ikiwapa wafanyakazi wake kozi na mtihani kutafuta waandishi wa programu, naye akafaulu. Hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kompyuta ya biashara. Alishughulikia programu za mishahara. Waliowahi kuandika programu ya mishahara wanajua balaa lake: kodi, makato, saa za ziada. Alifariki 2022.

Lakini kilichonivutia zaidi ni maduka ya chai. Lyons ilikuwa na takriban 150, na mameneja wake walikuwa wanawake. Katikati ya miaka ya 1950 LEO ilipewa kazi ya kupanga bidhaa za kila duka. Kila duka lilikuwa na oda yake ya kawaida kwa kila siku ya wiki. Kwa saa iliyopangwa, meneja alitaja kwa simu mabadiliko tu: leo punguza hiki, ongeza kile. Karani mwenye vipokea sauti masikioni alitoboa kadi hapo hapo, bila karatasi katikati. Sisi leo tungesema mfumo unahifadhi tofauti peke yake. Mashine iliendeshwa na ujuzi wa mama aliyewajua wateja wake.

Uingereza ikafanya nini na wanawake hao? Mwanahistoria Mar Hicks, katika kitabu chake Programmed Inequality cha 2017, anaonyesha jinsi serikali ilivyowasukuma pembeni wanawake waliokuwa wakiendesha kompyuta zake, ikawatafuta vijana wa kiume wa kuwa mameneja, na wengi wao hawakuitaka kazi hiyo. Ujuzi ukapotea, na kwa maoni yake tasnia nzima ya kompyuta za Uingereza ilidhoofika. Stephanie Shirley aliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya kuandika programu akiwa na pauni 6, akawaajiri wanawake wenye watoto wafanye kazi nyumbani. Barua zake alizitia sahihi "Steve" ili zijibiwe. Kampuni hiyo ya akina mama iliandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde!

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1993 Dorthe von Bülow na Anne Sørensen walichapisha utafiti kuhusu wakulima wadogo wa chai wa hapa Kericho. Mke anachuna, mume ndiye mwenye namba, na malipo yanakwenda kwa mwenye namba. Mke asipoona faida, anapunguza mkono kwenye chai na kwenda kwenye shamba lake la mboga au mahindi. Kiwanda nacho kinakosa majani. Kwenye mashamba makubwa hali ilikuwa mbaya zaidi: Februari 2023 BBC ilitangaza kwamba zaidi ya wanawake 70 waliiambia kuwa walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Anayemwogopa msimamizi atamweleza vipi kwamba njia fulani ya kazi haifai?

Mimi mwenyewe sina usafi wa kujivunia. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kikundi cha wakulima, ya kuweka kumbukumbu za kilo. Nikamwonyesha mama kwenye simu, kifua mbele. Akatazama, akauliza, "Mwanangu, hii namba ni ya nani?"

"Ni ya baba, mama."

"Na hizi kilo kumi na nane za leo amechuna nani?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimechora jedwali lenye nafasi ya jina moja, la mwenye namba. Makosa hayakuwa ya baba wala ya kiwanda, yalikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa na wenye namba tu nikiuliza mfumo ufanye nini, ilhali wachunaji walikuwa shambani.

Nikaongeza jedwali la pili, la wachunaji. Kwa msimbo ilikuwa kazi ya jioni moja. Wanakikundi walibishana wiki tatu kabla ya kulikubali, na bado wapo wanaonitazama vibaya pale kituoni. Siku ya bonasi, mama alikwenda mkutanoni na hesabu yake ya mwaka mzima imeandikwa kwenye karatasi.

Haya, stima inapepesa tena. Tuonane siku nyingine.