Le, la, un, du: Vineno vidogo vya Kifaransa vinavyobadili maana

Anayeandika barua ya kuomba kazi Goma au Bujumbura, ambako Kifaransa ni lugha rasmi, anaweza kukwama kwa herufi moja tu. *Le poste* ni nafasi ya kazi. *La poste* ni posta!

Kiswahili hakina vineno hivi. Ukisema "nataka mkate", umemaliza. Kwa Kifaransa bado: ni mkate upi, au kiasi gani? Viko vya aina tatu.

1. Kinachojulikana: le, la, les
*Le* ni kwa majina ya kiume, *la* ya kike, *les* ya wingi. *Le pain* ni ule mkate tunaoujua. Mbele ya irabu, *le* na *la* hukatwa: *l'eau* (maji).

2. Kimoja, chochote: un, une, des
*Un livre* ni kitabu fulani, hakijatajwa bado. Wingi wake ni *des livres*.

3. Kiasi tu: du, de la, de l'
Hivi ni vya vitu visivyohesabika: *du riz* (wali), *de la viande* (nyama), *de l'eau*.

Hapa ndipo wengi wanateleza. *Je mange du poulet*: nakula nyama ya kuku. *Je mange un poulet*: nakula kuku mzima! Na *j'aime le poulet*: napenda kuku, kwa jumla. Ndiyo maana kitenzi *aimer* (kupenda) kwa kawaida hufuatwa na *le, la* au *les*.

Ukikanusha je?
Aina ya pili na ya tatu hugeuka *de*: *J'ai du pain* (nina mkate), *je n'ai pas de pain* (sina mkate). Kitenzi *être* (kuwa) hakifuati kanuni hiyo. Aina ya kwanza haiguswi: *je n'aime pas le café*.

Jinsia utaijuaje?
Ichukulie kama ngeli, ila hapa zipo mbili tu. Usikariri *livre* peke yake, maana *le livre* ni kitabu na *la livre* ni pauni. Kariri neno pamoja na kineno chake.

Kwa maneno yanayoanza na irabu, kariri na *un* au *une*. *L'école* (shule) inaficha jinsia, lakini *une école* inaionyesha wazi.