Uoanishaji
uoanishaji nm [u-] (kompyuta) Upatanishaji wa namba za watumiaji zilizo ndani ya kontena na zile za mashine mwenyeji. 0 ya ndani, kwa mfano, huwa 100000 nje. Wako wafasiri wanaoandika *ubadilishaji*. Kosa hilo lina madhara: msomaji hudhani wamiliki wa mafaili wameandikwa upya diskini, ilhali diskini hakiguswi kitu. *Ramani* nayo humpeleka kwenye michoro. Ubuntu ilitunza kwa kazi hii moduli ya shiftfs, nje ya kerneli kuu, hivyo mabadiliko ya kerneli yalilazimu irekebishwe. Tangu Linux 5.12 (2021), kerneli yenyewe yaweza kuoanisha mfumo wa mafaili unapopachikwa. Kitenzi: *oanisha*.