Liverpool kabla ya mpira

Najua ukitaja Liverpool hapa kampasi, watu wanaanza kubishana habari za Anfield. Leo tuweke mpira pembeni kidogo. Sisi tunaosomea ualimu wa Historia na Jiografia tutautaja mji huu darasani, kwenye biashara ya pembetatu, na mara nyingi unapewa mstari mmoja tu: "London, Bristol, Liverpool", kisha ubao unafutwa.

Tuanze na jiografia. Liverpool iko kaskazini magharibi mwa Uingereza, mto Mersey unapoingia baharini. Mfalme John aliupa hati ya kuwa mji mwaka 1207, lakini kwa karne kadhaa ulibaki kamji tu. Bandari kubwa ya upande ule ilikuwa Chester, kwenye mto Dee, mpaka mchanga ulipoujaza mto huo. Mersey nayo ilikuwa na shida zake: maji yanapanda na kushuka mno, wakati wa bamvua tofauti inafika mita 9. Meli inaingia ikielea, baada ya saa chache imelala kwenye tope!

Ndipo mhandisi Thomas Steers akajenga gati la ndani, lenye milango ya kuzuia maji yasitoke. Lilifunguliwa mwaka 1715, nafasi ya meli kama 100. Sasa meli zikapakia na kupakua bila kujali maji kupwa.

Zilipakia nini? Nguo, bunduki na vyombo vya chuma kwenda Afrika Magharibi. Huko wakapakiwa watu kupelekwa Karibi na Amerika, kisha meli zikarudi na sukari, tumbaku na pamba. Meli za Liverpool zilibeba Waafrika zaidi ya milioni moja, mpaka Bunge lilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Wengi wao hawakuiona hata hiyo Liverpool. Kilichofika kule ni faida. Na hata baada ya hapo, pamba iliyolimwa na watumwa wa Marekani iliendelea kushushwa pale, na kuanzia 1830 ikapanda treni kwenda viwanda vya Manchester.

Sasa mwanafunzi akiulizwa kwa nini Liverpool ilikua, anajibu "bandari nzuri ya asili", anapewa vema. Jamani! Mto haukumnunua mtu. Kuna watu waliokaa, wakachanga mitaji, wakakata bima, wakatuma meli.

Tena mto ni uleule, lakini mji uliokuwa na watu zaidi ya laki 8 mwaka 1931 haukufika laki 4 na nusu mwaka 2001. Biashara ilihamia bandari zinazotazama Ulaya, na makontena hayakuhitaji wapagazi wengi. Albert Dock, gati la mwaka 1846, lilifungwa 1972. Mwaka 2007, palepale, likafunguliwa jumba la makumbusho ya utumwa.

Kwa hiyo tukienda mazoezi ya kufundisha, tusiishie kwenye ramani. Tuwaulize watoto: nani alifaidika, na nani alilipa? Nyie mnasemaje?