Hesabu ya Daraja la Rusumo

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mtu amesimama juu ya daraja, anarusha jiwe mbele yake, mlalo, kwa mwendokasi wa mita 8 kwa sekunde. Jiwe linagusa maji baada ya sekunde 2. Tafuta kimo cha daraja, na umbali liliofika jiwe. Mwishoni, kwa Kiingereza cha mitihani, kuna lile sharti ambalo kila aliyesoma fizikia analijua: upuuze ukinzani wa hewa.

Ilikuwa mwaka 2013, kidato cha tatu, wilayani Ngara. Daraja la kwenye swali halikuwa na jina. Lakini sisi watoto wa Ngara tukisikia daraja, tunajua ni lipi. Ni Rusumo, pale Kagera inapoporomoka kati yetu na Rwanda. Nadhani darasa zima lilikuwa limeshasimama pale kabla mwalimu hajamaliza kuandika.

Tukaanza. Kwenda chini: nusu ya 10, mara 2, mara 2 tena, unapata mita 20. Kwenda mbele: 8 mara 2, mita 16. Basi, kwisha. Ila mmoja wetu akabisha. Eti jiwe lililorushwa mbele lazima lichelewe kufika majini, maana lina safari ndefu kuliko lililoachiwa tu lidondoke. Wengi tulikuwa upande wake. Mwalimu hakusema kitu. Akachukua sarafu mbili, moja akaisukuma kwa nguvu kutoka ukingoni mwa meza, nyingine akaiachia papo hapo. Tukasikia mlio mmoja. Akarudia. Mlio mmoja.

Kumbe mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kwenda chini haujuani. Kila mmoja unafuata sheria yake, kana kwamba mwenzake hayupo. Galileo ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri, katika kitabu kilichochapwa Leiden mwaka 1638, akaonyesha kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni mkunjo wa parabola. Kabla yake, mwaka 1537, Mwitaliano mwingine, Tartaglia, alikwisha kusema kwamba mzinga unatupa mbali zaidi ukiinuliwa nyuzi 45. Huyu ananivutia kuliko Galileo. Aliandika mwenyewe kwamba wakati fulani aliona aibu kuwafundisha watu ufundi wa kuua, akazichoma karatasi zake. Baadaye Waturuki walipotishia nchi yake akabadili mawazo, akachapa. Kwa hiyo maswali haya ya mawe na madaraja ni watoto wa mizinga, na sisi wa Kagera, ambao wazee wetu walisikia makombora ya vita vya Amin mwaka 1978 na 1979, tusijifanye hatujui.

Likizo hiyo nilikwenda Biharamulo kwa mjomba, kaka yake mama. Zamani alikuwa utingo wa lori katika barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, ambayo magari ya mizigo ya Kigali yanapita mpaka leo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza shule inasemaje. Nikamweleza swali la jiwe, nikijigamba kidogo. Akacheka. Halafu akanyamaza, akasema, "Mpwa wangu, mimi nimesimama juu ya lile daraja. Hakuna aliyekuwa anarusha mawe."

Hapo ndipo aliponisimulia tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Lori lao lilikuwa limeegeshwa Rusumo, upande wetu, mzigo wa Kigali hauna pa kwenda. Mauaji ya kimbari yalikuwa yamedumu wiki tatu. Majeshi ya RPF yalikuwa yanakaribia kutoka kaskazini, na watu wa Kibungo na kwingineko, wengi wao Wahutu, wakaanza kuvuka. Alisema walikuja na magodoro, baiskeli, mbuzi, masufuria. Kando ya barabara, kabla ya kuingia kwetu, kulikuwa na lundo la mapanga na marungu waliyotakiwa kuyaacha. Lilikua mpaka likawa kichuguu. Ndani ya umati ule walikuwemo waliokimbia kufa na waliokuwa wametoka kuua, na kwa macho huwezi kuwatenga.

Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilihesabu watu wapatao 250,000 kwa muda wa kama saa 24. Wakapelekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, na kwa siku chache tu Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji yetu karibu yote.

Usiku ule sikulala. Nikachukua daftari. 250,000 ugawe kwa 24, ni kama watu 10,400 kwa saa. Ugawe kwa 60, ni 174 kwa dakika. Karibu watu 3 kila sekunde, juu ya daraja jembamba. Kisha nikapiga hesabu ya maporomoko, ambayo kimo chake ni kama mita 15. Tone la maji likiachia ukingo wa juu linafika chini baada ya sekunde 1.7, likiwa na mwendokasi wa mita 17 kwa sekunde, ule wa gari linalokwenda kilomita 62 kwa saa. Maana yake, tone moja linapodondoka Rusumo, watu 5 wamevuka.

Na chini ya miguu yao, ndani ya maji yale yale, ilikuwa inapita miili. Waandishi wa habari waliosimama darajani waliiona ikifika ukingoni na kudondoka. Mto uliibeba kaskazini, ukaizungusha mashariki, ukaimwaga Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako wavuvi na wanavijiji waliiopoa na kuizika kwa maelfu. Juu watu wanavuka kwenda mashariki, chini wafu wanakwenda na maji. Niliandika daftarini: miendo miwili isiyojuana. Halafu nikaifuta, maana si kweli. Baadhi ya waliokuwa juu waliwajua vizuri sana waliokuwa chini.

Daraja hili limezoea kuvukwa, na wengine walivuka hata kabla halijajengwa. Mwaka 1894 von Götzen, Mjerumani, aliuvuka mto hapo Rusumo na msafara wake uliotoka pwani, akaingia Rwanda. Huyo huyo baadaye akawa gavana wetu, wakati wa Maji Maji. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Ngara na Biharamulo, baadaye wakamwachia Mwingereza. Kila mara mpaka ulichorwa na watu ambao, naona, walipuuza ukinzani wa kila kitu.

Na Desemba 1996, chini ya usimamizi wa jeshi na polisi, umati ule ulirudishwa kwa daraja lile lile, kuelekea magharibi. Leo kuna daraja jipya, pana, na tangu mwaka 2023 maji ya Rusumo yanazungusha mitambo ya megawati 80, inayogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Ile ile sekunde 1.7 ya mdondoko, sasa tunaiwashia taa.

Asubuhi nilimwonyesha mjomba daftari langu. Akavaa miwani, akafuata namba kwa kidole. Nikamwambia: watatu kila sekunde, mjomba, mfululizo, mchana na usiku.

"Hapana," akasema. "Hii si sawa."

Nikamwuliza nimekosea wapi.

"Kulikuwa na mama mmoja, amefika katikati ya daraja, akasimama. Ana mtoto mgongoni. Anatazama majini, anatazama. Watu wanampita, wanamsukuma, hasogei. Mimi nimekula, nimevuta sigara mbili, bado yupo." Akanirudishia daftari. "Huyo umemweka wapi?"

Nikatazama ukurasa. Sikuwa nimemweka popote.