Taji na Maumivu: Happiness Magese, Miss Tanzania wa Mwaka 2001

Makala haya yanahusu maisha ya Happiness Millen Magese, aliyetwaa taji la Miss Tanzania mwaka 2001. Huenda msomaji wa jarida la mafunzo ya Kiswahili akashangaa kumwona mrembo akipewa kurasa ambazo kwa desturi tunawaachia washairi na watunzi wa tenzi. Sababu yetu ni ya kihistoria na ya kilugha pia. Bibi huyu ni miongoni mwa watu wachache waliokifanya Kiswahili cha magazeti na cha redio kitamke hadharani ugonjwa ambao kwa vizazi vingi ulisemwa kwa kunong'ona, au haukusemwa kabisa.

Hatuna budi kuanza nyuma kidogo. Taji la kwanza la Miss Tanzania alilipata Theresa Shayo mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Si ajabu basi kwamba shindano halikudumu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kuchubua ngozi. Vita hivyo, vilivyojulikana kwa jina la Operesheni Vijana, vilianza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Katika hali hiyo mashindano ya urembo yalihesabiwa kuwa uchafu wa kikoloni, yakapigwa marufuku, na Tanzania ikakaa zaidi ya robo karne bila mrembo wa taifa. Sisi wa upande huu wa maziwa tulikuwa na fasiri nyingine ya jambo hilohilo. Zaire ya Mobutu, iliyochukua jina hilo Oktoba 1971, ilihimiza uhalisi na ikawataka wanawake wajifunge kitenge. Lakini haikuona tabu kumpeleka Benita Mureka Tete Miami mwaka 1985, akashika nafasi ya tatu katika Miss Universe. Serikali mbili zilizojitangaza kuwa walinzi wa utamaduni wa Kiafrika, moja ilimficha mrembo, nyingine ilimtuma nje awe bendera. Kwa maoni yetu tofauti si kubwa kama inavyoonekana, kwa maana pande zote mbili mwili wa msichana ulikuwa mali ya kuamuliwa na wakubwa.

Shindano la Tanzania lilifufuliwa mwaka 1994, na Aina Maeda akashinda. Siasa ya soko huria ilikuwa imekwisha kuingia, redio na magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka, na mrembo alikuwa habari inayouza gazeti. Hapo ndipo msamiati ulipostawi. Tuutazame kidogo, kwa kuwa una mengi ya kutuambia. Neno "mlimbwende" awali ni mtu yeyote apendaye kujipamba na kujionyesha, mwanamume kwa mwanamke, tena lina harufu ya dhihaka. Magazeti yakalifanya cheo cha msichana wa jukwaani. Maneno "kisura" na "kimwana" yanatumia kiambishi ki-, kile kinachodogosha na kubembeleza kwa wakati mmoja. Kisura ni mtu aliyeitwa kwa uso wake tu. Kwamba tunasema "kisura huyu amefika" na si "kisura hiki kimefika" ni ushahidi kwamba sarufi yenyewe inakumbuka kuwa huyo ni mtu, hata pale neno linapotaka kusahau.

Magese alilipata taji baada ya Jacqueline Ntuyabaliwe, mshindi wa mwaka 2000, aliyekuja kujulikana pia kama mwimbaji. Novemba 2001 alikwenda Sun City, Afrika ya Kusini, kuiwakilisha nchi yake katika Miss World. Usiku huo mshindi alikuwa Agbani Darego wa Nigeria, Mwafrika mweusi wa kwanza kulipata taji hilo. Magese hakurudi na taji la dunia, lakini njia aliiona. Akafanya kazi ya uanamitindo Afrika ya Kusini, kisha akahamia New York. Kwa mizani ya kawaida hiyo ndiyo hadithi yenyewe: msichana wa Tanzania, jukwaa, ndege, mji mkubwa. Picha zake zilisambaa, na hakuna aliyeziona picha hizo aliyeweza kukisia kilichokuwa chini ya kitambaa.

Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyarudia mara nyingi, maumivu yalimwanza tangu alipovunja ungo akiwa na umri wa miaka 13. Hayakuwa yale maumivu ambayo kila mama huyajua. Yalimlaza na kumtapisha. Akiwa mtu mzima tayari, na akiishi nje ya nchi yake, ndipo madaktari walipomwambia jina la ugonjwa: endometriosisi. Tishu inayofanana na ile inayotanda ndani ya mji wa mimba huota mahali pengine, kwenye vifuko vya mayai, mirija, hata utumbo. Kila mwezi huvimba na kuvuja damu isiyo na njia ya kutoka, ikaacha makovu yanayogandisha viungo pamoja. Hadi leo hauna dawa ya kuuponya kabisa. Magese alipasuliwa zaidi ya mara kumi, na matumaini ya kupata mtoto yakawa madogo sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani karibu mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Kwa kawaida miaka mingi hupita kati ya maumivu ya kwanza na siku ya kuambiwa jina.

Kwa nini miaka mingi? Upungufu wa mabingwa na vyombo ni sababu moja, na kubwa. Kuuthibitisha kwa yakini mara nyingi huhitaji kamera ipenyezwe tumboni. Lakini lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili kina adabu nzuri ya mafumbo: kuvunja ungo, kuwa mwezini, kuona siku. Katika unyago wa pwani, somo au kungwi alimfundisha mwari mambo hayo faraghani, naye akala kiapo cha kunyamaza. Maumivu yakipita kiasi lipo neno "chango", neno pana lenye kubeba minyoo, msokoto wa tumbo na maradhi yote ya kizazi pasipo kubagua. Msichana aliyesema ana chango alipewa mizizi ya kuchemsha na ahadi kwamba akizaa yatakwisha. Hatuwalaumu mabibi zetu, walitumia walichokuwa nacho. Hata hivyo, neno lisilobagua haliwezi kumpeleka mgonjwa kwa daktari anayestahili. Huku kwetu Bunagana, mpakani, Kiswahili kinapokutana na Kinyabwisha na Kifumbira cha ng'ambo, wasichana wengi hukimbilia neno la Kifaransa, kana kwamba jambo likisemwa kigeni linapungua aibu. Na tangu Juni 2022, mji ulipotwaliwa na M23 na maelfu wakavukia Kisoro, ni nani aliyekuwa na nafasi ya kumwuliza binti wa mkimbizi kwa nini amejikunja?

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010 Magese alianza kusema. Aliunda taasisi yenye jina lake, akazungumza na wanafunzi na waandishi wa habari, akataja hedhi kwa jina lake mbele ya kamera, naye alikuwa mtu ambaye watu walimjua kwa uzuri tu. Hapa taji lilifanya kazi ambayo waandaaji wa shindano hawakuikusudia. Muuguzi wa wilaya angeweza kuyasema hayohayo miaka ishirini asisikilizwe. Mrembo alisikilizwa kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kuzoea kumtazama. Wako waliosema anajitafutia jina, kana kwamba alikuwa amelikosa. Mwaka 2015, katika sherehe za tuzo za BET nchini Marekani, alitunukiwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume, habari iliyopokewa kwa furaha na wanawake waliokuwa wamekata tamaa.

Limebaki suala la jina la ugonjwa. Wapo wanaopendekeza tulipanue neno chango, liitwe "chango la kizazi" au mfano wake, ili lieleweke kijijini. Sisi hatukubaliani nao. Jina hilo litarudisha ugonjwa katika kapu lilelile ambamo ulipotea. Afadhali "endometriosisi", gumu ulimini kama lilivyo, liandikwe kwa tahajia ya Kiswahili, lifafanuliwe kwa maneno mepesi katika vitabu vya shule ya msingi, na lisomwe na wavulana pia.