Kaunta Ilipoondolewa

Septemba 1916, siku zilezile majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakiingia Dar es Salaam na utawala wa Wajerumani mjini ukifikia ukingoni, mfanyabiashara wa Memphis, Marekani, Clarence Saunders, alifungua duka lisilo na kaunta. Hadi wakati huo Mmarekani alinunua kama anavyonunua leo mama wa Mbagala au Manzese: anasimama mbele ya muuzaji, anataja anachotaka, anapimiwa, anafungiwa, analipa. Saunders aliweka geti la kuzunguka mlangoni, akampa kila aingiaye kikapu, akapanga rafu ili njia iwe moja tu, inayompitisha mteja mbele ya kila bidhaa kabla ya kumfikisha kwa keshia. Duka aliliita Piggly Wiggly. Mwaka uliofuata akapata hataza ya mpangilio huo, kwa maana alichovumbua hakikuwa bidhaa bali njia ya kutembea.

Watu wakizungumzia supamaketi husifu kiyoyozi na usafi, au hulalamikia bei. Mimi naona jambo kubwa ni hiyo njia. Mbele ya kaunta, orodha iko kichwani mwa mnunuzi na muuzaji anaisubiri. Kaunta ikiondolewa, bidhaa ndiyo inayoanza kukusemesha, nawe unabaki wa kujibu.

Huku kwetu Tanzania kaunta ilikuwa na mizizi mirefu. Neno duka lenyewe lilikuja kwa jahazi, pamoja na watu wa Bara Hindi waliofanya biashara Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyeanza kazi akiwa kijana kwa Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, alieneza maduka yake hadi Uganda, akafariki mwaka huohuo wa 1916. Duka la namna yake lilikuwa na mizani, daftari la madeni na mtu anayekujua kwa jina. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na jicho la mnunuzi halikubanduka kwenye mkono wa anayepima.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaifisha kampuni kubwa za biashara ya jumla na kuziweka chini ya shirika la umma. Mwaka 1973 kazi hiyo ikagawiwa kampuni za mikoa, zile RTC ambazo wazee bado wanazitaja. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi yafungwe, nafasi yake ishikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Bidhaa zikaadimika na operesheni ikasitishwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaongeza ukata, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya foleni. Mjini kulikuwa na maduka ya kaya, ambako familia iliandikishwa na kupata mgawo wake. Kaunta ilikuwepo, ila nyuma yake rafu zilikuwa tupu.

Naomba msomaji akae kidogo na picha hiyo, kwa kuwa bila hiyo hatutaelewa kilichofuata. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu kama Rais, na kwa kuendelea kuruhusu biashara watu wakambatiza Mzee Ruksa. Kwa mama aliyekesha kwenye foleni ya sabuni, rafu iliyojaa haikuwa ulaghai wa mfanyabiashara. Ilikuwa heshima iliyorudi. Nimewasikiliza wengi wa kizazi hicho, na sijamwona hata mmoja anayeizungumzia rafu iliyojaa bila furaha usoni. Watoto wao tumerithi furaha hiyo bila kurithi foleni, na ndiyo maana kutoka supamaketi na kitu kimoja mkononi kunatutia haya, kana kwamba tumeikataa neema.

Supamaketi za minyororo mikubwa zilikuja kwa kishindo. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa na maduka Dar es Salaam na Arusha. Mwaka 2006 ukafunguliwa Mlimani City, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Game ikawa miongoni mwa wapangaji wake wakubwa. Kisha zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine. Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya na kufikia 2014 ilikuwa imeondoka; Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga 2015; Nakumatt ikazama kwenye madeni; Choppies ya Botswana ilitangaza kujitoa 2019; Game ikafunga 2022. Kila kampuni ilikuwa na matatizo yake ya ndani. Lakini wakati wote huo duka la Mangi, kama tunavyomwita muuza duka wa mtaani, lenye dirisha la nondo na kopo la kupimia mafuta, halikufunga.

Mbinu zao, hata hivyo, zilibaki. Leo ukienda Tegeta, Mbezi, Kigamboni au Mbagala Rangi Tatu utakuta supamaketi ndogo za wenyeji, nazo zimepangwa kwa somo la Saunders. Vitu vya kila siku huwekwa mbali na mlango, ili anayefuata maziwa apite kwanza kwenye biskuti. Bidhaa ambayo mwenye duka anataka itoke haraka hukaa usawa wa macho, na ya nafuu huinamiwa chini karibu na sakafu. Peremende na chokoleti zinangoja kwa keshia, usawa wa macho ya mtoto, mahali ambapo mzazi amechoka na nyuma yake kuna watu. Bei huandikwa 9,950 ili jicho lishike tisa na kuiacha kumi.

Hata toroli lina historia yake. Sylvan Goldman, mwenye maduka Oklahoma, aliona wateja wakiacha kununua kikapu kinapokuwa kizito, akatengeneza cha magurudumu mwaka 1937. Mwanzoni watu walikikataa, ikabidi alipe watu wazunguke dukani wakikisukuma hadi wateja wakaiga. Na muziki ule wa taratibu? Mwaka 1982 mtafiti Ronald Milliman alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwenye supamaketi moja ya Marekani: muziki wa polepole ulipopigwa, watu walitembea polepole, na mauzo yakazidi ya siku za muziki wa haraka kwa takriban asilimia 38.

Anayetaka kuokoa fedha zake humo ndani lazima arudishe kaunta yeye mwenyewe. Orodha iandikwe nyumbani, baada ya kufungua kabati na kuangalia kilichopo, na isomwe dukani kama vile kuna mtu anasubiri kuisikia. Kama vitu ni vitano, kikapu cha mkononi kinatosha, na mkono ukianza kuuma unakukumbusha kuacha. Mfuko uutoe nyumbani, kwani tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mfuko nao ni bidhaa ya kuuziwa. Risiti isomwe kabla ya kuvuka mlango, maana bei ya kwenye rafu na ya kwenye mashine si lazima zilingane.

Lililo gumu zaidi ni hesabu ya kilo. Tuseme pakiti ya gramu 400 ni shilingi 1,800 na ya gramu 900 ni 4,200. Mkono utaikimbilia kubwa kwa mazoea. Ukigawa, ndogo ni shilingi 4,500 kwa kilo, na kubwa ni karibu 4,670. Simu iliyo mfukoni ina kikokotoo, na sioni aibu yoyote kusimama mbele ya rafu na kukitumia. Mboga, nyanya na vitunguu viachwe kabisa. Hivyo vina masoko yake, Tandika na Mabibo, ambako bado unaweza kuomba punguzo na kuongezewa moja juu ya fungu.

Ila nisiipambe kaunta ya mtaani kuliko inavyostahili. Kipimo kidogo kina gharama yake. Kama kilo ya sukari ni 3,000 na robo inauzwa 800, anayenunua robo nne kwa wiki ametoa 3,200. Mafuta ya mia tano kila jioni nayo, ukijumlisha mwezi mzima, hugharimu zaidi ya mafuta yaleyale yakinunuliwa kwa dumu. Anayenunua hivyo hajakosa akili ya hesabu, amekosa fedha za kutoa kwa mkupuo mmoja, na linaloniuma ni kwamba anayelipa zaidi kwa kila kijiko ndiye mwenye kipato kidogo. Supamaketi haimsaidii huyu, kwa sababu pakiti yake ndogo nayo hubeba gharama ya karatasi na rangi.

Nafuu niliyoiona ikifanya kazi ipo kwa wanawake wa vikundi vya vikoba na vya michezo ya kupeana fedha kwa zamu huko Temeke na Kinondoni. Wanachanga, wanatuma wawili Kariakoo au Tandale, na jioni gunia la mchele na dumu la mafuta vinateremshwa kwenye bajaji. Linatandikwa turubai uani, mmoja anashika mizani, mwingine daftari, na waliobaki wamekaa kuzunguka na ndoo zao, kila jicho kwenye mkono wa anayepima.