Chuo cha ufundi: mwalimu anayefundisha vizuri hufanya nini?

Mzazi anapouza ng'ombe au magunia ya mpunga ili amlipie mtoto ada ya chuo cha ufundi, maswali yake ya kwanza huwa ya fedha: ada ni kiasi gani, bweni lipo, nauli je? Ni maswali ya haki. Lakini lipo swali lingine ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi, na wachache huliuliza: huko chuoni wanafundishaje? Wapo vijana wanaorudi nyumbani kabla ya muhula kwisha, si kwa kukosa ada, bali kwa sababu wamejaza madaftari mawili habari za injini na bado hawajashika spana.

Ukanda wetu haukosi vyuo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo cha mkoa jijini Mwanza. Nyegezi kuna kampasi ya FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Sengerema na Malya. Vyuo vya aina hiyo vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa mfano uliotoka Uswidi, ili watu wazima wa vijijini wapate maarifa bila kupitia sekondari.

Hatua nne za kumfundisha mtu kazi

Njia ya kufundisha kazi za mikono ilikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1919 Mmarekani Charles Allen, aliyekuwa akiandaa mafundi wa kujenga meli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alizitaja hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha, kumwachia afanye, na kumpima. Katika Vita vya Pili Marekani ilizitumia tena kufundisha wafanyakazi wapya viwandani, wengi wao wanawake ambao hawakuwahi kufanya kazi hizo.

Tuchukue kabureta ya pikipiki, kazi ambayo gereji za pale Usagara, barabara ya kutoka Mwanza inapogawanyika kwenda Shinyanga na kwenda darajani Kigongo, huifanya kila siku.

Mwalimu mzuri haanzi kwa kuandika maana ya kabureta ubaoni. Analeta pikipiki isiyowaka na kuuliza: nani kwao kuna pikipiki? Hii mnadhani ina tatizo gani? Wanafunzi wakibishana, yeye anapata kujua wanachokijua tayari, na wao wanapata hamu ya kujua jibu.

Kisha anaonyesha. Mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, ili waone kazi nzima. Mara ya pili polepole, akitaja sababu ya kila hatua na hatari zake, kama petroli na moto.

Hatua ya tatu ndiyo wengi huiharakisha, na ndiyo yenye faida kubwa. Mwanafunzi anafungua mwenyewe huku akieleza kwa mdomo anachofanya na kwa nini. Anayeweza kufungua bila kueleza anaiga tu. Ikija pikipiki ya aina nyingine atakwama. Akikosea, mwalimu amuulize, asimnyang'anye spana. Mwisho anaachiwa peke yake, na mwalimu anapita mara moja moja kukagua.

Wanafunzi thelathini, injini moja

Hapo walimu watatuambia: nadharia nzuri, vifaa viko wapi? Ni kweli, lakini makundi husaidia. Wanafunzi wanne wakae kwenye kifaa kimoja: mmoja anafanya, mmoja anasoma hatua, mmoja anakagua, mmoja anaandika, kisha wanabadilishana. Wengine wapewe kazi nyingine, kama kusafisha plagi. Injini mbovu iliyonunuliwa kama chuma chakavu inafaa sana kufunguliwa na kufungwa.

Zamu hizo ziandikwe. Zisipoandikwa, kwenye darasa la kuchomelea au umeme wavulana ndio hushika vifaa na msichana hubaki kuandika. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga, malezi ya mtoto huamua kama atasikiliza somo au la. Mpango wa Elimu Haina Mwisho katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, unaowarudisha wasichana walioacha shule kwa ujauzito, umezingatia hilo kwa kuweka mahali pa kulea watoto chuoni.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mwalimu aeleze kwa Kiswahili, kisha aandike jina la Kiingereza la kipuri, maana ndilo lililoandikwa kwenye boksi dukani.

Jambo jingine ni mteja. Darasa la ushonaji likipewa sare halisi za shule zenye tarehe ya kuchukuliwa, hakuna anayesinzia, na wanajifunza kukadiria kitambaa na bei. Fundi asiyejua kukadiria bei hufanya kazi kwa hasara hata kama mkono wake ni mzuri.

Kabla ya kulipa ada

Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET. Kisha nenda siku ya kazi, kama saa nne asubuhi, uombe kuona karakana. Vifaa vikiwa stoo vimejaa vumbi, jibu umelipata. Waulize wanafunzi wenyewe: wiki iliyopita mlikuwa karakana kwa saa ngapi? Uliza pia kuhusu mafunzo ya kazini. Mwanafunzi anayepelekwa gereji bila orodha ya kazi za kujifunza, na bila mwalimu kumfuatilia, anaweza kumaliza miezi yote akitumwa chai na soda.

Na kama wewe ulikwisha kujifunzia ufundi mtaani, huhitaji kuanza upya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kazi unayoifanya, unapewa mafunzo ya kuziba pengo, na ukifaulu unapata cheti. Ulizia kwenye chuo cha VETA kilicho karibu nawe.